Usimwite Karan Maskini Jeuri

Tanga

Shoga yangu Mama Zuhura,

Assalaam aleykum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Muscat, na joto lenu limewahurumia kidogo. Sisi huku hatujambo. Mama yako mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua alfajiri. Zuhura kamaliza mitihani, anakusalimu sana. Barua anakuja nayo shemeji yako, pamoja na dagaa na chupa ya achari ya embe. Nimeitia pilipili upendavyo, kwa hiyo wenzako wa Kifilipino uwaonye kabla hawajachovya.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu lile neno lako la kwenye ujumbe wa sauti halijibiki kwa dakika mbili. Umeitazama tena Maine Pyar Kiya, lile picha letu la Kihindi, Ijumaa yako ya mapumziko, nimefurahi. Umelia, nimefurahi zaidi. Lakini mwishoni ukatia sumu: ati Karan, baba yake yule binti Suman, ni maskini jeuri tu, kaponea chupuchupu kumuulia watu mtoto wao kwa rupia 2,000. Hapo, mwenzangu, umenigusa pabaya. Karan huyo mimi ndiye wakili wake.

Wala sikushangai. Sisi wote picha lile tulilikuta nusu. Unakumbuka tulivyokuwa tunaliangalia? Bara hatukuwa na hata kituo kimoja cha televisheni mpaka 1994, kwa hiyo mwenye deki na mkanda ndiye aliyekuwa sinema ya mtaa. Tumebanana sebuleni, watoto chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye makochi, madirishani vichwa vimejaa. Kihindi hakijui mtu, lakini wafasiri wako kumi, na kila mmoja ana picha lake. Yule mwenye deki hakuwa na subira na wazee. Akimwona Karan kakaa anazungumza, anasogeza mkanda mbele mpaka kwenye wimbo. Wimbo ukiisha, anasogeza tena mpaka kwenye ngumi. Basi tukamjua njiwa, tukaijua kofia iliyoandikwa FRIEND, tukamjua steringi na adui wake, na baba mtu tukamwona anapita mbiombio kama anafukuzwa na nyuki. Leo unalo picha zima kwenye simu, saa tatu na ushee, hakuna wa kukuharakisha, na bado unamhukumu kwa macho ya sebuleni kule.

Hebu turudi nyuma taratibu.

Mapenzi ya mtoto wa kitajiri na mtoto wa maskini Bombay hayakuanza na hawa. Mwaka 1973 Raj Kapoor alitoa Bobby: kijana wa tajiri kampenda binti wa mvuvi wa Goa, baba tajiri kakataa, watoto wakatoroka. Baada ya hapo mkondo ukawa huo kwa miaka. Anayekataa ni baba tajiri. Baba maskini kazi yake ni kuinamisha kichwa na kulia pembeni, au kunywa pombe na kucheka. Sooraj Barjatya alipoingia na Maine Pyar Kiya, mwisho wa Desemba 1989, alikuwa na miaka 25 na ndiyo kwanza anaongoza picha lake la kwanza. Nyumba yao ya Rajshri, aliyoianzisha babu yake Tarachand mwaka 1947, ilikuwa maarufu kwa mapicha ya heshima, ya watu wa kawaida, yasiyo na makelele. Kijana akachukua hadithi ileile iliyochakaa, akageuza jambo moja tu. Mlango wa mwisho wa kukataa akampa baba maskini aufunge yeye.

Kishan, baba yake Prem, yule steringi wetu Salman Khan, ni tajiri wa viwanda. Karan ni fundi makenika wa kijijini. Hawa wawili ni marafiki wa tangu ujana, kabla mali haijamkuta mmoja na kumpita mwingine. Karan anataka kwenda nchi za nje kutafuta pesa za kumwozesha binti yake, na binti hana pa kumwacha, kwa hiyo anamwacha kwa rafiki. Shoga, hapo naomba nikuulize kwa upole: kuna mtu mwingine tunayemjua, aliyevuka bahari kutafuta, akamwacha binti yake kwenye nyumba kubwa ya kaka yake? Nadhani ndiyo maana Karan amekuudhi. Anakuwa mkali pale ambapo wewe, ukiwa na hofu ileile, umejifunza kunyamaza. Sikusemi vibaya. Nakusema kwa kuwa nakujua.

Haya, Suman kaingia nyumba ya kitajiri. Mama wa nyumba, Kaushalya, anampokea kama mwanawe. Prem karudi kutoka Marekani kusoma, anakutana naye, wanakuwa marafiki, na yule adui yao Jeevan na ulimi wake mchafu anatangaza kuwa mvulana na msichana hawawezi kuwa marafiki tu. Basi ndiyo yale yote unayoyajua: njiwa kapewa barua, nyimbo zinafuatana, na busu la kwenye kioo. Kile kioo, kama hujui, sababu yake ni Bhagyashree mwenyewe, aliyeigiza Suman. Alikataa kumbusu Salman, wakaweka kioo katikati, akabusu upande wake na yeye upande wake. Watu wakaona hakuna busu tamu kama lile, na midomo haijagusana.

Sasa fuata pesa. Hili hutaliona kama unalia, kwa hiyo Ijumaa nyingine futa machozi kwanza. Kila kitu anachompa Suman, Prem amekinunua kwa pesa ya nani? Kofia, zawadi, sherehe, hata nauli ya kwendea Marekani. Yote ya Kishan. Kijana anapenda kwelikweli, sikatai, lakini penzi lake lote linagharimiwa na baba. Hajawahi kununua hata kiberiti kwa jasho lake. Tena hajui kwamba hajui, maana aliyezaliwa ndani ya neema anadhani maji hutoka bombani yenyewe.

Ndipo Kishan anagundua. Karan anarudi kutoka ugenini, na rafiki yake wa ujana anamvurumishia maneno mbele ya watu: kwamba walipanga, kwamba baba na binti wamemtega mtoto wake ili waingie kwenye mali. Mtazame Karan pale, usimtazame Kishan. Mtu ametoka kuhangaika nchi za watu kwa ajili ya heshima ya binti yake, na aliyemwamini ndiye anayeivua heshima hiyo. Alok Nath, aliyemwigiza Karan, hapo hapigi kelele nyingi. Uso unakuwa mzito taratibu, kisha anamchukua mwanawe wanaondoka. Na ujue kuwa Alok Nath alikuwa na miaka 33 tu wakati ule! Salman alitimiza 24 siku mbili kabla picha halijatoka. Baba mkwe kamzidi mkwe miaka tisa. Naye Reema Lagoo, mama wa nyumba, alikuwa na 31. Ukishajua hivyo halafu ukaamini bado kwamba ni wazee wale, utajua wenzetu wanajua kuigiza.

Prem anafuata kijijini. Anasema ameacha nyumba, ameacha mali, anamtaka Suman. Mzazi mwingine yeyote kwenye mapicha ya Kihindi angeyeyuka hapo, wakakumbatiana, wimbo ukaingia. Karan anamwambia: vizuri, kaniletee rupia 2,000 ulizozichuma kwa mikono yako, ndani ya mwezi mmoja.

Tuzipime. Kwa dola za wakati ule ni kama 120. Kwa Prem wa jana, ni pesa ya kuvalia siku ya sherehe. Kwa Prem wa leo, asiye na jina la baba mfukoni, ni lori na machimbo ya mawe. Na angalia Karan hazitaki azile. Wewe umeziita bei, kama vile kamuuza binti. Si bei, na mahari pia siyo, maana mahari ya kijana kama yule ingelipwa na Kishan kwa hundi moja, na mshenga angerudi na mabaki. Karan amechagua kiasi ambacho tajiri hawezi kukisaidia. Ni pesa za kwanza katika picha zima zisizotoka kwa baba wa mtu. Fundi yule anajua mashine: kabla hujaiamini barabarani, unaiwasha na kusikiliza inavyovuma ikiwa na mzigo.

Na machimboni ndipo Salman alipoigiza, nasimama na hilo. Saa mbili nzima amecheka, amecheza, amejishaua na jaketi la ngozi, mtoto wa kishua hasa. Halafu jaketi limetoka, vumbi limemkaa kwenye nyusi, na anabeba mawe na watu ambao maisha yao yote ni mawe yale. Hakuna anayemwonea huruma. Wenzake hawajui kuwa anapendwa na mtu. Anaendesha lori, anaingia machimboni, anahesabu. Upendo aliokuwa akiuimba sasa unahesabika kwa noti ndogondogo. Mimi sehemu ile nyimbo siikumbuki hata moja, na ndiyo ninayoirudia.

Sasa nikupe haki yako, maana sitaki useme mtetezi nimefumba macho. Kuna mahali Karan kanishinda hata mimi. Kijana anarudi, njiani Jeevan na genge lake wamemvizia, wamempiga nusu ya kufa, na pesa zimeharibika katika vurugu ile. Anasimama mbele ya Karan damu zinamtoka. Na Karan bado anambeza! Hapo, mama, hata achari ilinisimama kooni. Mtu amekuonyesha mikono yenye malengelenge, wewe unaulizia karatasi. Ni kweli baadaye moyo unamlainika kwa kuona kijana yuko tayari kurudi machimboni kuanza upya, lakini alichelewa. Hapo tu ndipo nakubaliana na wewe kuwa kiburi kilimpanda. Kwingine kote hapana.

Na lingine, ambalo wewe hukulisema na nilishangaa hukulisema: katika biashara yote hii ya baba na kijana, nani kamuuliza Suman? Karan anaweka sharti, Prem analikubali, Kishan anatukana, Jeevan anavizia, na binti yuko jikoni anasubiri wanaume wamalize hesabu zao. Yeye ndiye aliyeishi nyumba zote mbili. Amepika kijijini na amepika kwa tajiri. Kama kuna mtu pale aliyeujua umbali wa kutoka nyumba moja hadi nyingine kwa miguu yake mwenyewe, ni yeye. Lakini Barjatya alikuwa kijana wa miaka 25 na aliandika wanawake wake wawe wema, basi. Kaushalya ndiye pekee anayethubutu kumpa mumewe vidonge vyake, tena kwa sauti ya chini. Mama yule hakuhitaji rupia 2,000. Alimjua Suman kwa kuishi naye. Nikiwa na hasira na Karan, huwa namkimbilia Kaushalya.

Halafu ndiyo zinaingia zile ngumi tulizokuwa tunazisubiri utotoni. Suman katekwa, Karan kapigwa, Kishan kadanganywa kuwa mwanawe kauawa na Karan, baadaye anajua ukweli, wanaungana wote watatu wanapambana na maadui, na njiwa anamshukia Jeevan mpaka anaporomoka gengeni. Sebule nzima tulisimama. Vijana waliruka, mtu akakanyaga sahani ya karanga. Steringi hafi, bwana!

Leo nikitazama naona Barjatya alimpendelea tajiri. Prem ameambiwa athibitishe kwa mawe na vumbi. Kishan, aliyemtukana rafiki yake wa ujana mbele za watu, ameambiwa athibitishe kwa nini? Kwa kurusha ngumi tatu dhidi ya watu wabaya kuliko yeye. Vumbi la ugomvi likitulia, marafiki wanakumbatiana, na tusi limesahaulika kana kwamba Jeevan ndiye aliyelitamka. Ningekuwa mimi, ningempeleka Kishan machimboni mwezi mmoja, akae pale pale alipokaa mwanawe. Ungeona picha hilo! Ila nadhani lisingejaza kumbi.

Na lilijaza, si mchezo. Filmfare, wale watoa tuzo za mapicha ya Kihindi, walilipa tuzo sita, ikiwemo ya picha bora. Asad Bhopali, aliyeandika maneno ya nyimbo, alikuwa mzee ameandikia mapicha miaka na miaka, akaipata tuzo yake kwa wimbo wa Dil Deewana, akafariki 1990. Raamlaxman alipata ya muziki. Na sauti ya Salman, ile tamu inayokokota kidogo, ni ya S. P. Balasubrahmanyam, mtu wa Kusini kabisa ambaye Kihindi si lugha ya kwao. Ndiyo aliyemwimbia Salman miaka iliyofuata, mpaka wengi tukadhani ndiyo sauti yake. Alifariki Septemba 2020, na Lata Mangeshkar, aliyekuwa sauti ya Suman nyimboni, akamfuata Februari 2022. Huku kwetu nyimbo zile zimeimbwa harusini na watu wasiojua neno hata moja, nawe ni mmoja wao, usikatae. Kwenye harusi ya Mwanahamisi ulishika kipaza sauti ukaimba Kabootar Ja Ja kwa maneno uliyoyatunga mwenyewe, na bibi harusi akatunza.

Kisa cha Bhagyashree ndicho kinachonichekesha peke yangu. Binti wa fundi makenika, mwenye salwari ya kijijini na macho ya kuinama, nje ya picha ni binti wa nyumba ya kifalme ya Sangli, kule Maharashtra. Baba yake ana cheo cha heshima cha Raja. Kwa hiyo pale mbele ya kamera maskini ndiye alikuwa mtoto wa mfalme, na tajiri ni mtoto wa Salim Khan, mwandishi wa mapicha. Halafu jina likiwa linang'aa India nzima, akaolewa na kijana aliyempenda, Himalaya, na mwenyewe amesema hadharani kuwa kwao hawakuridhia. Watayarishaji wakamjia na mikataba, akasema ataigiza na mumewe tu. Wakamwona kapotea. Mimi naona yule binti aliuliza mwenyewe na akajijibu mwenyewe, tofauti na Suman.

Haya, nimesema mengi, na karatasi inaisha upande wa pili. Shemeji yako atakaa huko mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo una nafasi ya kunijibu kwa maandishi, usinitumie tena sauti ya kukimbia huku unakaanga samaki. Mama yako anaomba ile dawa ya kuchua ya kijani, siyo ile ya nyekundu. Zuhura anataka viatu, namba 39, na anasema usimwamini muuzaji, upime kwa rula.

Na Ijumaa inayofuata, kama huna shughuli, itafute Betaab ya 1983. Ni picha la kwanza la Sunny Deol na la kwanza la Amrita Singh, Javed Akhtar ndiye aliyeliandika. Humo kijana ndiye maskini na binti ndiye tajiri mwenye nyodo, na ngumi zake si za mwishoni tu. Bonde la Kashmir walilolipigia, karibu na Pahalgam, mpaka leo linaitwa kwa jina la picha hilo. Baba tajiri ni Shammi Kapoor, na nakuambia mapema: huyo sitamtetea hata kidogo, kwa hiyo ukitaka wakili mtafutie mwingine.

Wasalimie wote wa nyumba hiyo.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaisha